Wizi Una Anwani, Wizi Una Saa

Papa, mama, vijana, popote mlipo mjini Kisangani: Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, komini ya Kisangani, na ninyi wa ng'ambo ya kushoto ya mto, Lubunga. Leo tutazungumza habari ya usalama wa avenyu zetu usiku, na nitaishika mada hii kwa upande ambao hatujauzoea.

Kila mara mtu anapoporwa, karitie nzima huuliza swali moja: ni nani? Ni mtoto wa nani, na anatoka wapi? Swali hilo ni la haki, na aliyeumia anastahili jibu. Lakini baada ya siku chache mwingine anaporwa pale pale, saa ile ile, kwa mtindo ule ule, nasi tunauliza tena: ni nani? Leo ninawaomba tutangulize maswali mengine matatu. Ni wapi? Ni saa ngapi? Na pale mahali pana nini kinachomrahisishia mwizi kazi yake?

Maswali haya yana elimu yake, inaitwa kriminolojia ya mazingira. Ni elimu inayochunguza kwanza mahali na saa ya uhalifu, kabla ya kuchunguza moyo wa mhalifu. Miongoni mwa walioisimamisha ni mume na mke, Paul na Patricia Brantingham, wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser huko Kanada, waliotoa kitabu chao mwaka 1981. Walionyesha kwamba mwizi naye ana siku yake kama sisi. Anaamka, anapita njia anazozijua, ana nyumba, ana nganda anapokaa na wenzake. Mara nyingi huiba kandokando ya njia hizo. Na hupenda mipaka: ukingo wa mto, mwisho wa karitie, nyuma ya soko, mahali ambapo kila anayepita ni mgeni na hakuna anayeshangaa kuona sura asiyoijua.

Sisi wa Kisangani hatuna haja ya kupanda ndege ili tulielewe jambo hili. Tuwatazame Wagenia kwenye maporomoko. Mvuvi wa Kigenia hafukuzi samaki mto mzima. Anajua maji yanabanwa wapi kati ya mawe. Hapo ndipo anaposimika miti yake na kufunga mitego yake mikubwa ya fito, kisha anauacha mto umletee. Mporaji naye hutafuta palipobana: kona ya giza, njia ya mkato nyuma ya soko, gati la mitumbwi, yaani bichi, wakati mtumbwi wa mwisho unapofika. Hana haja ya kutukimbilia. Tunaletwa kwake na njia zetu wenyewe. Ila samaki hana uwezo wa kuhamisha jiwe, na sisi tunao.

Mwaka 1979, Wamarekani wawili, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walitaka kufumbua fumbo moja. Baada ya vita vya pili vya dunia nchi yao ilizidi kutajirika, watoto wengi walisoma, lakini wizi uliongezeka. Kwa nini? Waligundua kwamba maisha ya kila siku yalikuwa yamebadilika. Wanawake wengi walikuwa wameingia kazini, kwa hiyo nyumba zilibaki tupu mchana. Redio na televisheni zilikuwa zimekuwa nyepesi, rahisi kubeba. Wakasema hivi: ili wizi utokee, lazima mambo matatu yakutane mahali pamoja, saa moja. Mtu mwenye nia mbaya. Kitu au mtu wa kuibiwa. Na kukosekana kwa mlinzi. Ukiondoa moja tu kati ya hayo matatu, wizi haufanyiki.

Tupime maneno hayo hapa kwetu. Ni vitu gani vinavyoibwa siku hizi? Simu, pikipiki, paneli ya sola, betri. Vyote ni vyepesi, vyote vina mnunuzi kabla hakujapambazuka. Na mlinzi ni nani? Msidhani ninamsema mtu mwenye bunduki. Mlinzi ni yeyote ambaye kuwepo kwake kunamfanya mwizi asite. Ni mama anayekaanga mikate mbele ya parseli yake. Ni papa mwenye ligablo, kiduka chake, pembeni ya avenyu. Ni vijana wanaocheza dama chini ya mwembe. Mwaka 1961, Jane Jacobs, mwandishi aliyeishi New York, aliandika kwamba amani ya mtaa hushikwa kwanza na macho ya watu wanaoutumia, kabla ya kushikwa na polisi. Hakuwahi kuiona Mangobo, lakini mama zetu wa Mangobo wanafanya kazi hiyo kila usiku bila mshahara.

Ndiyo maana ninasikitika kila ninapoona wauzaji wadogo wa usiku wanafukuzwa kando ya njia kwa jina la usafi wa mji. Ninaelewa kwamba njia inatakiwa ipitike. Lakini anayemwondoa mama wa mikate kwenye kona saa mbili za usiku amemwondoa mlinzi pekee aliyekuwapo pale. Kabla ya kumhamisha mtu, burgumesta na waulize: nani atabaki anaona? Mahali pengine ingefaa mama huyo apewe taa na ruhusa ya kubaki hadi usiku, kwa sababu anaihudumia karitie mara mbili.

Nimetaja taa. Mji wetu unategemea bwawa la Tshopo, mtambo wa turbini tatu ulioanza kazi miaka ya 1950 kwa mji uliokuwa mdogo kuliko huu. Mashine moja ikiharibika, delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, inaenea na komini nzima inalala gizani. Je, mwanga unapunguza wizi kweli, au ni maneno ya kufurahisha tu? Jambo hili limepimwa. Mwaka 2016 mjini New York, nyumba za umma ziligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi zikawekewa minara ya taa, nyingine zikabaki kama zilivyokuwa. Watafiti walikadiria kwamba mahali penye taa, uhalifu mkubwa wa nje wakati wa usiku ulipungua kwa takriban asilimia 36. Na jirani zetu wa Nairobi waliziweka taa ndefu katika mitaa yao ya mabanda, na wananchi wenyewe wakazipa jina la mulika mwizi.

Lakini tusikimbilie kununua taa tu. Taa moja ndefu sana inamulika paa za nyumba na kuacha vivuli vikali kati ya nyumba na nyumba, na vivuli hivyo ndivyo anavyovitumia mwizi. Taa ya bulevadi kubwa inapendeza kwa mgeni anayetoka uwanja wa ndege wa Bangoka, lakini haimsaidii muuguzi anayerudi nyumbani Kabondo kwa njia ya nyuma. Taa inafaa pale watu wanapopita kwa miguu, saa wanazopita, mahali ambapo kuna macho ya kuutumia mwanga huo. Na lazima ajulikane mtu wa kuisafisha paneli na kubadilisha betri, kwa jina, tangu siku ya kwanza. Vinginevyo baada ya miezi michache tutabaki na nguzo tupu.

Sasa tuvuke mto. Hapa kwetu mto Kongo hauna daraja. Watu wa Lubunga wanakuja mjini asubuhi kwa mtumbwi, wanauza, wanasoma, wanatibiwa, wanarudi jioni. Kwa hiyo kila siku, saa zile zile, watu wengi wenye fedha za mauzo mfukoni wanapita mahali pamoja pembamba. Pale pana ukingo, pana haraka, pana giza linaloingia ghafla kama kawaida ya ikweta, na pana watu wasiojuana. Mambo matatu ya Cohen na Felson yanakutana pale bila kualikwa.

Tunaweza kufanya nini? Saa ya mtumbwi wa mwisho itangazwe na iheshimiwe, ili mtu asishushwe gizani peke yake. Taa mbili, moja kila upande wa bichi, zilindwe na chama cha wenye mitumbwi. Mototaksi zinazosubiri upande wa Lubunga ziwe za watu wanaojulikana na kuandikwa. Mama wa soko wanaoishi karitie moja wapange kurudi kwa kikundi. Na yule mwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money aweke mauzo yake kwenye simu kabla hajafika bichi, asivuke na noti zote kiunoni. Nambari ya siri inakataa mambo ambayo noti haiwezi kukataa. Hatua hizi hazihitaji kusubiri bajeti ya Kinshasa.

Tuje kwenye pikipiki. Zamani mji huu ulibebwa na toleka, baiskeli za abiria. Leo unabebwa na mototaksi, na hofu ni ya pande mbili. Abiria anamwogopa dereva asiyemjua. Dereva anamwogopa abiria anayemwambia usiku, nipeleke mbali kidogo. Madereva wamepigwa na kunyang'anywa pikipiki ambayo mara nyingi si yao hata, ni ya tajiri anayedai hesabu yake kila jioni.

Nisikilizeni vizuri hapa. Ujerumani Magharibi, mwaka 1980, polisi walianza kutoza faini papo hapo kwa kila anayeendesha pikipiki bila kofia ngumu. Nia yao ilikuwa kuokoa vichwa barabarani. Lakini likatokea jambo ambalo hawakulitafuta: wizi wa pikipiki ulianguka, kutoka zaidi ya 150,000 mwaka huo hadi takriban 54,000 mwaka 1986. Kwa nini? Kwa sababu mwizi aliyeona pikipiki ya kuondoka nayo hakuwa na kofia mkononi, na bila kofia alisimamishwa njiani. Walioifafanua habari hii, Pat Mayhew, Ronald Clarke na David Elliott, waliangalia kama wezi walihamia kwenye magari na baiskeli. Hawakuona uhamaji wa kulingana na upungufu ule. Wezi wengi waliacha tu. Hakuna aliyewahubiria wala kuwafunga maelfu yao. Kitendo chenyewe kilikuwa kimekuwa kigumu.

Na hapa Afrika ya kwetu, Kigali, dereva wa moto huvaa gile yenye nambari na abiria hupewa kofia. Abiria anajua amebebwa na nani, polisi anajua, dereva mwenzake anajua. Vyama vya madereva wa Kisangani vinaweza kulifanya hili: gile yenye nambari kubwa inayosomeka usiku, daftari la madereva wa usiku katika kila kituo, na desturi kwamba dereva akipakia abiria wa mbali baada ya saa tatu, anamwambia mwenzake anakokwenda. Lakini kuna sharti moja. Nambari ile isigeuzwe kuwa sababu mpya ya kumtoza dereva faranga kila kona. Dereva akiona gile inamletea usumbufu tu, ataivua, na ulinzi wa abiria wake utaondoka nayo.

Najua mko mnanipinga huko majumbani, na mna haki. Wa kwanza anasema: mwandishi, ukiziba Mangobo watahamia Kabondo. Ni pingamizi la kweli, na limechunguzwa. Mwaka 2009 Rob Guerette na Kate Bowers walikusanya tathmini 102 za mipango ya aina hii. Uhalifu ulionekana kuhama katika takriban asilimia 26 ya vipimo vyao; na katika asilimia 27 ilionekana kinyume chake, jirani ambao hawakuguswa na mpango nao wakafaidika. Kwa hiyo kuhama kunatokea, lakini si sheria ya lazima. Mwizi naye ana mipaka ya anachokijua na anachokithubutu.

Wa pili anasema: chanzo ni njaa na kukosa kazi. Nakubali. Kijana aliyemaliza masomo yake katika chuo kikuu chetu, UNIKIS, na hana kazi, mtoto aliyelala sokoni tangu utotoni, hao wanadaiwa na nchi hii zaidi ya taa. Tuidai shule, tuidai kazi, tusinyamaze. Lakini binti anayepita njia ile leo usiku hawezi kungoja uchumi wa mkoa wa Tshopo uinuke. Kurekebisha mahali kunamlinda wakati tunaendelea kudai mengine.

Wa tatu anasema kwa sauti ndogo: na kama anayenyang'anya amevaa sare? Hapo, wapendwa, taa haitoshi. Hilo ni deni la makamanda na la mahakama za kijeshi, nao walilipe. Lakini hata hapo, kuandika mahali, tarehe na saa kunasaidia, kwa sababu kamanda anajua ni kikosi gani kilikuwa wapi saa ngapi. Malalamiko yenye saa na mahali ni magumu kuyatupa kuliko malalamiko ya jumla.

Na kuna njia nyingine, ya nguvu, ambayo nchi yetu imeijaribu. Novemba 2013 Kinshasa ilianzisha Operesheni Likofi dhidi ya magenge ya vijana wanaoitwa kuluna. Mwaka uliofuata shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba polisi waliua vijana wasiopungua 51 na kwamba wengine 33 walitoweka. Zaidi ya miaka 10 imepita, na neno kuluna bado liko midomoni mwetu, limefika hadi mikoani. Machi 2024 serikali ikaondoa kizuizi cha kutekeleza hukumu ya kifo kilichokuwapo tangu 2003, na ujambazi wa mijini unaoua ukatajwa kati ya sababu. Nasi wananchi, tukikasirika, tunachukua tairi na petroli. Ninasema bila kuzunguka: kumchoma mtu barabarani ni kuua, hata kama ameiba, na mara ngapi umati umemkamata asiye yeye! Tena kesho yake kona ile ile ina giza lile lile, na mwingine anasimama pale. Tumeua mtu na tumeiacha kona.

Ninawaonya pia juu ya jambo moja lililo karibu nasi. Vijana wakianza kulinda avenyu kwa fimbo na kuweka vizuizi, ulinzi unaweza kugeuka upesi. Tangu mwaka 2023, mgogoro wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola umewaleta wakimbizi hadi katikati ya mji huu. Tumejifunza kwa machozi kwamba kizuizi ambapo mtu anaulizwa wewe ni wa kabila gani si usalama. Kwa hiyo kazi ninayoipendekeza ni ya kubadilisha mahali, si ya kuwachuja watu. Tukate majani, tuweke taa, tufungue njia, tupange saa. Asiwepo mkimbizi wa kambini wala shege, mtoto wa mitaani anayelala sokoni, atakayefukuzwa kwa sababu ya sura yake. Yeye naye anapita usiku, na mara nyingi ndiye anayeumizwa wa kwanza.

Nani aongoze kazi hii? Sheria ya Agosti 2011 kuhusu Polisi ya Taifa ya Kongo inasema habari ya polisi ya ukaribu, polisi wanaofanya kazi pamoja na wananchi. Katika miji kama Bukavu, Matadi na Kananga yalijaribiwa mabaraza ya usalama ya komini, ambamo burgumesta, polisi na wawakilishi wa wakaaji wanakaa meza moja na kuanza kwa kuorodhesha: ni mahali gani panatisha, na kwa nini. Orodha hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Huko Minneapolis, Marekani, Lawrence Sherman na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba nusu ya simu zote walizopigiwa polisi zilitoka kwenye asilimia 3 tu ya anwani za mji. Kwa maneno mengine, hofu imeenea mji wote, lakini wizi wenyewe umejikusanya mahali pachache. Hata komini maskini inaweza kumudu mahali pachache. Na Khayelitsha, karibu na Cape Town, tangu katikati ya miaka ya 2000, walifuata njia hiyo. Wakaaji walionyesha njia wanazoziogopa kutoka kwenye treni, na kando ya njia hizo vikajengwa vijumba vya ghorofa vyenye taa na mwangalizi anayelala humo humo, ili mpita njia apate mahali pa kukimbilia.

Basi, wapendwa, kazi ya nyumbani. Jumamosi hii, salongo, kazi yetu ya pamoja ya usafi, ikimalizika, msitawanyike mara moja. Watu wa avenyu moja mkae, wanaume, wanawake na vijana, na wanawake waseme kwanza, kwa sababu wao wanazijua njia za hatari kuliko sisi wanaume. Chukueni karatasi, choreni avenyu yenu. Wekeni alama kila mahali mtu alipoporwa mwaka huu, na kando yake andikeni saa. Mtaona alama zinajirundika. Chagueni rundo moja tu. Jiulizeni: je, ni majani ya parseli iliyoachwa? Ni giza? Ni ukuta unaoficha mtu? Ni saa ambayo hakuna anayepita? Badilisheni kitu kimoja kinachowezekana. Kisha endeleeni kuandika kwa miezi mitatu mpate kujua kama kimesaidia, na kama hakikusaidia, jaribuni kingine. Karatasi hiyo mpelekeeni shefu wa karitie, na nakala yake burgumesta, mtake jibu.

Na kwa ninyi wakubwa mnaotusikiliza: wananchi wakija na karatasi hiyo, msiwaambie kwamba usalama ni siri ya serikali. Wamewafanyia nusu ya kazi. Nusu inayobaki ni yenu, nasi katika kipindi hiki tutarudi kuuliza imefika wapi.